Marumaru Zilizokataa Kulala

Magoti yangu ndiyo yaliyoniachisha kazi. Si uzee, wala si watoto kunibembeleza nipumzike. Fundi wa marumaru hupiga magoti kuliko padri, na padri ana mto. Mimi nilikuwa na gunia lililokunjwa. Kwa hiyo nyie mabinti mnaoshika miko sasa hivi hapa Dodoma, mlionitaka niandike nilivyofanya kazi, naanza na hilo: nunueni vya kuvaa magotini kabla hamjanunua simu.

Nimesoma mpaka darasa la nne, kule Haneti, shule ikiwa mbali na mbuzi wakiwa karibu. Mjukuu wangu Neema amepitia haya akaweka nukta na herufi kubwa. Maneno nimemkataza kugusa. Yuko chuo kule Chimwaga, na ninajisifu naye popote, hata kwa watu wasioniuliza.

Nani alinipandisha cheo sitaandika, maana hakuna. Fundi wa sakafu yuko chini siku zote.

Saiti niliingia kama mbeba maji. Wanawake tulikuwa wa maji na kokoto, basi. Siku hiyo ya kwanza msaidizi wa fundi mmoja hakutokea. Fundi mwenyewe aliitwa Mzee Kasiani, mtu wa Mpwapwa, mfupi, na sauti yake ilitoka kwa shida kama maji ya bomba letu. Akaniita, "We mama wa ndoo, weka ndoo chini. Shika uzi."

Nikashika uzi. Yeye akashika ncha ya pili, akawa anauangalia kwa jicho moja, anasogea, anauangalia tena. Jua likapanda, bado tumeshika uzi na hakuna kigae hata kimoja kilicholala. Nikashindwa kunyamaza.

"Mzee, huu uzi unatafuta nini?"

"Uongo."

"Uongo wa nani?"

"Wa kuta. Dodoma nzima hii hakuna ukuta ulionyooka. Ukipanga marumaru kwa kuufuata ukuta, ukifika mlangoni unachekwa. Anza na mlango, pale mtu anaposimama akitazama. Vipande vya kukata vifiche nyuma ya mlango. Hakuna anayefunga mlango wa bafu ili akague nyuma yake."

Mafundi wengine walikuwa wakinifukuza nikiuliza maswali. Yeye kila nikiuliza alinipa kazi. Niliuliza kwa nini anagonga vigae kwa mpini wa mwiko, akanipa mwiko nigonge chumba kizima. Kigae kilicholala vizuri kinajibu kwa ufupi, ki, basi. Kilicho na uwazi chini kinaimba. Uwazi huo unaletwa na wavivu wanaoweka gundi mapande matano, manne pembeni na moja katikati, kama wanagawa ugali. Maji yanaingia humo, yanakaa, na siku moja mama wa watu anakanyaga pembe, kigae kinapasuka na mguu nao. Paka gundi yote, ichane kwa mwiko wa meno, kigae kiweke, kisukume kidogo huku na huku mpaka ukisikie kimeshika. Maneno yenyewe ni hayo tu, mengine ni mazoezi.

Pima maji yangu nimekaa nayo miaka yote. Ya kwanza niliyonunua mwenyewe ilikuwa mpya na ilikuwa inadanganya. Mzee Kasiani aliiweka sakafuni, akaigeuza kichwa kuwa mkia pale pale, povu likahama. Akasema, "Hii kapime nayo mchuzi." Kwa hiyo dukani geuzeni kwanza. Muuza duka akinuna, anune.

Serikali ilipohamia huku, mji ukaumuka kama unga wa maandazi. Kila mtu akataka bafu linalong'aa kama la hoteli. Tulilaza mabafu ya hosteli za watu binafsi njia ya Chimwaga mpaka ndotoni nikawa naona miraba. Nami nikawa nagombana na wenye nyumba: sakafu ya bafu haitaki kung'aa, inataka mikwaruzo. Mmoja alinikatalia. Siku ya kwanza tu akateleza mbele ya mkwewe. Sikucheka. Nilitoka nje kwanza.

Lakini mnaloniulizia kila mara ni lile bafu la Chemba, na wengi mnalisimulia vibaya. Niliweke sawa.

Alikuja binti mmoja mjini kunitafuta, kajifunga ushungi, macho mekundu. Jina lake Rukia.

"Shikamoo mama. Ndiyo wewe fundi mwanamke?"

"Marahaba. Fundi ni mimi, Mama Elia. Hayo mengine unayaona."

Akaeleza. Baba yake alikuwa amefariki karibuni, na mama yake, Bi Salima, Mrangi wa Chemba, alikuwa amekaa eda. Mjane akiwa eda anakaa ndani ya nyumba ya mumewe mpaka muda wake utimie, na wanaume wa nje hawaingii kwake. Sasa sakafu ya bafu lao ilikuwa imeinuka. Ilikwishalazwa upya mara mbili baba akiwa hai, na mara zote mbili ilivimba. Bi Salima alikwishajikata mguu. Alikuwa anaoga kwenye beseni chumbani kwake. Mafundi wote wa Chemba ni wanaume.

"Si asubiri eda iishe?" nikauliza.

"Baba mdogo hasubiri. Amesema nyumba isiyo na bafu haikaliwi eda. Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya swala, anakuja na gari kumhamishia kwake. Na mama anasema akitoka na godoro, godoro halitarudi."

Nilikwenda. Nisidanganye kwamba nilikwenda kwa huruma. Huruma ilikuwepo, lakini kilichonipandisha gari ni ile mara mbili. Fundi mmoja mbaya, sawa, wapo wengi. Mafundi wawili wabaya kwenye bafu moja, na ubaya wao unafanana? Nilitaka kuona.

Bi Salima alikuwa wa rika langu, mwembamba, mrefu, nguo zake za eda hazina urembo wowote lakini kasimama kama mwenye nyumba. Akanitazama mimi, akatazama mfuko wa vyuma.

"Mgogo?"

"Wa Haneti."

"Mgogo gani hana ng'ombe, ana marumaru?"

"Ng'ombe wako kwa kaka zangu. Mimi walinigawia nyundo."

Akacheka, halafu akaziba mdomo, akatazama mlangoni kama kuna aliyemsikia. Nikajua tutaelewana.

Bafu lenyewe lilikuwa dogo. Katikati vigae vimeinuka viwili viwili, vimeegemeana kama paa la banda. Nikagonga kwa mpini wa mwiko, kuanzia mlangoni. Sakafu nzima ikaimba. Mpaka pembeni kabisa, ambako hakuna anayekanyaga, inaimba. Nikang'oa kimoja nikakigeuza, na hapo ndipo nikakaa chini.

Gundi ilikuwa imepakwa yote, imechanwa vizuri. Yule fundi hakuwa na kosa! Kigae kilikuwa kimetoka na saruji ya chini imekishika mgongoni, kama ukoko wa wali unavyotoka na sufuria ikabaki safi. Nikang'oa cha pili, hivyo hivyo. Kwa hiyo kigae kimeishika saruji. Saruji nayo imeshika nini?

"Umeona nini?" Bi Salima akauliza kutoka mlangoni.

"Bado. Nipe maji kidogo."

Nikapasua kwa tindo. Saruji ile ilikuwa nyembamba kama chapati. Chini yake palikuwa peusi, laini, panameta kidogo, na tindo iliteleza juu yake badala ya kuingia. Nikamwagia maji kiasi cha kiganja, nikainama, nikanusa.

Mabinti, mimi nimezaliwa kwenye tembe. Tangu mikono yangu ipate nguvu ya kubeba ndoo nilikuwa nasiriba sakafu ya mama yangu kwa udongo, majivu na samadi ya ng'ombe. Ile harufu ikilowana haifi. Nilikuwa nimepiga magoti Chemba, kwenye bafu lenye bomba na shawa, nanusa nyumba ya mama yangu.

"Bi Salima," nikasema, "hapa kabla ya bafu palikuwa na nini?"

Aliingia, akachuchumaa, akagusa pale peusi kwa kidole.

"Ipo!" akasema. "Kumbe ipo kweli."

Kilikuwa chumba chake cha nafaka. Alipoolewa, kazi ya kwanza aliyoifanya katika nyumba ile ni sakafu hiyo. Aliisiriba na kuisugua kwa jiwe, akairudia mpaka ikawa kama kioo. Mtama ukimwagika unaokota punje kwa punje, hakuna vumbi. Wanawake wa jirani walikuja kuitazama. Miaka mingi baadaye mumewe akavuta maji ya bomba, akataka bafu ndani ya nyumba, na chumba pekee kilichofaa ni hicho. Yeye akanuna. Mume akamwambia, "Sakafu yako siivunji. Naifunika tu, iko pale pale." Akamwagisha zege jembamba juu yake. Na kila fundi alipokuja kurekebisha, mzee alisimama juu ya kichwa chake: ng'oa kigae, weka kigae, chini usiguse.

"Nilidhani ananibembeleza tu," Bi Salima akasema. "Nilidhani waliivunja siku ile ile."

Basi fumbo likawa limefumbuka. Saruji haishiki samadi. Sakafu ile ikipata maji inavuta, inavimba, ikikauka inanywea, na vyote vilivyobebeshwa juu vinacheza nayo. Ungemwita fundi wa Dar, wa Ulaya, sakafu ingewavua vigae wote. Niliketi pale nimefurahi kama mtu aliyeokota pesa. Halafu nikatazama uso wa yule mama, furaha ikaisha.

Mimi siwezi kuzungusha maneno. Nikamwambia, "Hii ikibaki, unahama Ijumaa."

"Hakuna namna nyingine?"

"Hakuna. Lazima ichimbwe yote mpaka udongo mgumu, ipigwe mawe, zege jipya, mteremko, ndipo marumaru. Naweza kulaza juu juu ikapendeza. Shemeji yako ataridhika, ataondoka. Kabla hujamaliza eda itakuwa imeinuka tena, naye atarudi, na hapo hutakuwa na la kumwambia."

Nje kuku walikuwa wanagombea kitu. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe hicho chuma."

"Tindo? Ni kazi ya kuumiza, mama. Niachie."

"Ukichimba wewe, umenivunjia. Nikichimba mimi, ni sakafu yangu."

Nikampa tindo na nyundo. Nikamwonyesha kuilaza tindo, isisimame, na kutazama inapopiga, si mkono unaopiga. Pigo la kwanza liliteleza. La pili likateleza. Akasema kitu kwa Kirangi, sikuelewa, lakini niliona hakikuwa dua. La tatu likaingia, kikatoka kipande cheusi kama cha chungu. Alikiweka pembeni peke yake, akaendelea. Tulipokezana. Vigae na saruji tulivitupa nje ya geti. Ule udongo mweusi alitaka uwekwe uani, karibu na mchicha wake, nami sikuuliza, ingawa nilitaka sana.

Mchanga, kokoto na saruji vilishushwa getini na vijana wa lori, wakaambiwa waishie hapo. Kuanzia hapo wakabeba wanawake wa mtaa, kwa madishi, kichwani, wanaingia wanatoka. Kila mmoja alichungulia bafuni, kila mmoja alikuwa na la kusema. Zege tulilikoroga uani kwa koleo mbili. Nilimfundisha kulikamata kiganjani: ukilikaza libaki bonge, maji yasichuruzike. Tukaliinamisha kuelekea tundu la maji, tukalifunika magunia mabichi, tukaliacha lipoe kadiri siku zilivyoruhusu. Zege changa halipendi haraka. Siku za kungoja Bi Salima alikuwa anaamka anamwagia magunia kabla mimi sijafungua macho.

Marumaru alilaza mwenyewe. Mimi nilikata, maana grinda sikumwamini nayo. Cha kwanza aliweka gundi mapande matano.

"Hayo ni nini, maandazi?" nikamwambia. "Toa. Paka yote."

"Fundi wa mume wangu aliweka hivi choo cha nje."

"Na choo cha nje kikoje?"

"Kinaimba," akasema, akang'oa.

Tulikwama kidogo kwenye vile vya plastiki vya kutenganishia vigae, maana vimeumbwa kama misalaba. Akakishika kimoja kwa ncha za vidole.

"Mama Elia, misalaba nyumbani kwangu? Na niko eda?"

"Si ya kusalia, ni ya kupimia."

"Itoke yote kabla shemeji hajaja. Akiiona atasema umenibatiza bafuni."

Tuliitoa yote, tukaihesabu ikirudi mfukoni, akaziba maungio kwa saruji laini, kitambaa na subira. Safu moja karibu na dirisha imepinda unywele mmoja. Nilitaka kuing'oa. Akakataa; akasema ile ndiyo ataitambua kuwa yake.

Ijumaa shemeji alikuja kweli. Nilikuwa ndani nafuta ukungu wa saruji juu ya vigae. Nikasikia gari, halafu sauti ya mzee, kanzu yake nyeupe nikaiona kwa upenyo wa dirisha. Alisimama uani, akaongea kupitia dirisha. Si mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyefiwa na kaka yake na hajui mikono aiweke wapi.

"Shemeji, asalaam aleikum. Umefungasha?"

"Waaleikum salaam. Sikufungasha. Bafu limetengenezwa."

"Limetengenezwa mara mbili mbele ya macho yangu, shemeji. Nani kalitengeneza?"

"Mimi."

Kisha akamwambia mke wake, aliyekuja naye, "Ingia ukatazame. Mimi siwezi kuingia."

Mke wake, Bi Asha, ni mwanamke mnene, mwenye pumzi za sauti. Alivua viatu mlangoni. Akakanyaga kigae cha kwanza kwa kisigino. Akasogea, akakanyaga kingine. Kisha, Mungu anisamehe, akaruka. Alitua na uzito wake wote katikati ya bafu, na mimi niliyelaza mabafu nisiyoweza kuyahesabu nikashika ukuta. Bi Salima alikuwa amefumba macho. Sakafu ikajibu kwa ufupi.

Bi Asha akatutazama. "Tokeni," akasema. Akafunga mlango kwa ndani.

Tukasimama ukumbini. Tukasikia ndoo. Tukasikia maji. Tukasikia maji tena.

Uani mzee akachoka kumngoja mkewe. "Mama Hawa! Unakagua nini muda wote huo?"

"Naoga!" ikajibu sauti kutoka ndani.

Alitoka kajifunga khanga, uso unang'aa, nyayo zimekauka kwa sababu maji yote yalikuwa yamekwenda yanakotakiwa. Akaenda moja kwa moja dirishani.

"Baba Hawa, mimi siwezi kumtoa mtu kwenye bafu hili nikampeleka kwenye lile letu. Nitaona haya."

"Gari nimeshakodi."

"Lipakie kifusi kile pale getini. Kinaziba njia."

Yule mzee alisimama kidogo. Tulidhani atakasirika. Kisha tukamwona anakunja mikono ya kanzu, anaita dereva, na wote wawili wanaanza kurusha vigae vilivyovunjika nyuma ya gari. Alipomaliza vya getini akaingia uani, akauona ule udongo mweusi karibu na mchicha, akachukua koleo.

Bi Salima akasogea dirishani. "Shemeji, mgongo wako, taratibu. Na huo udongo uache. Huo hauhami."